Nani Amekuwa Sugu? Uhakiki wa Ufafanuzi wa Dhana za Tiba na Uhandisi kwa Msomaji wa Kawaida wa Kiswahili

Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili katika sayansi na teknolojia umezunguka swali moja kwa muda mrefu: je, istilahi zipo? Swali hilo limejibiwa kwa kazi kubwa. Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ambayo leo ni TATAKI, zimetuachia hazina ambayo lugha nyingi za bara hili hazijaipata. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ikafuata mwaka 2003. Anayesema leo kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuzungumzia figo, kani au mkondo wa umeme, ama hajavifungua vitabu hivyo, ama ana sababu nyingine ya kusema hivyo.

Makala haya yanauliza swali linalofuata baada ya hilo: nini hutokea istilahi inapotoka kwenye kamusi na kuingia katika kipeperushi cha zahanati, habari ya gazeti, tangazo la redio au maneno ya fundi kwa mwenye nyumba? Hoja yangu ni kwamba waandishi wetu wengi, pamoja na taasisi zinazowatuma, huchukulia kuwa kukitaja kitu kwa jina sanifu ni sawa na kukieleza. Kamusi ya istilahi, hata inapofasili, humfasilia mwalimu na mwanafunzi. Haikutungwa kwa ajili ya mgonjwa aliyeshika pakiti ya vidonge, wala kwa mpangaji anayetaka kujua kwa nini soketi yake imeungua. Msomaji huyo anahitaji kujua kitu kinavyofanya kazi kwa kiasi cha kumwezesha kuamua la kufanya. Kwa hiyo kigezo cha uhakiki huu ni uamuzi: baada ya kusoma maelezo, msomaji mwenye akili timamu ataamua kufanya nini, na je, uamuzi huo ni sahihi?

Suala hili lina uzito wa pekee kwetu sisi tulio nje ya Tanzania na Kenya. Rwanda iliipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Matini za afya na za miundombinu zitazidi kuvuka mipaka zikiwa katika lugha hii. Msomaji wa Morogoro akipewa kipeperushi kibovu, humuuliza jirani yake kwa lugha ileile, na mazungumzo ya barazani huweza kukirekebisha. Msomaji wa Mbarara au Huye, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, mara nyingi hana cha kutegemea isipokuwa matini yenyewe. Kosa la matini kwake halina wa kulisahihisha.

Usugu ni wa nani?

Nianze na mfano ambao naona ndio mzito kuliko yote, yaani istilahi inayosikika katika kila kampeni ya matumizi sahihi ya antibayotiki: usugu wa dawa. Kisarufi, kirai hiki kimeundwa kwa a-unganifu. Katika Kiswahili, nomino inayotokana na kitenzi elekezi huweza kufuatwa na a-unganifu inayoonyesha mtendwa: katika uuzaji wa dawa, dawa ndiyo inayouzwa. Lakini usugu umetokana na kivumishi sugu, na nomino za namna hii humtaja mwenye sifa. Ukali wa dawa ni ukali ulio ndani ya dawa. Uchungu wa dawa ni uchungu wa dawa yenyewe. Kwa mantiki hiyohiyo, usugu wa dawa unatuambia kwamba dawa ndiyo iliyokuwa sugu, jambo ambalo halina maana yoyote ya kitabibu.

Msomaji akikuta kirai kisicho na maana haachi pengo. Hulijaza kwa anachokijua. Na hapa lugha yenyewe inamkabidhi picha iliyo tayari. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mkulima au kwenye paji la uso la mcha Mungu anayesujudu kila siku. Ni mwili unaozoea msuguano hadi usiumie tena. Kwa hiyo maelezo anayojitungia msomaji ni yale tunayoyasikia kila mahali, mjini na shamba: mwili umezoea dawa. Sentensi hiyo haitokani na ujinga. Imetokana na usomaji makini wa neno tulilompa.

Tufuatilie sasa uamuzi unaozaliwa na imani hiyo. Ikiwa ni mwili unaozoea dawa, basi kadiri mtu anavyokunywa dawa nyingi ndivyo mwili unavyozidi kuzoea. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyepata nafuu katika mwezi wa pili atakuwa na busara, kwa mantiki hiyo, kuacha vidonge mapema ili aupumzishe mwili na dawa ije imfae siku nyingine. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Shauri la mhudumu la kumaliza dozi na istilahi iliyochapishwa kwenye bango nyuma yake vinapingana, na mgonjwa ndiye anayeachiwa kazi ya kuvipatanisha.

Hasara nyingine ni kubwa zaidi, ingawa haionekani haraka. Mwili uliozoea ni mwili wangu. Tatizo ni langu na nitakufa nalo. Ukweli wa kibiolojia ni tofauti kabisa. Bakteria huzaliana kwa kujigawa, na kila wanaponakili vinasaba vyao hutokea makosa madogo. Mara chache kosa mojawapo humwezesha bakteria kuistahimili dawa. Dawa inapowaua wenzake, huyo mmoja hubaki peke yake na chakula chote na nafasi yote, akazaa kizazi kinachofanana naye. Bakteria wengine hupokezana vinasaba hivyo hata bila kuzaana. Kizazi hicho hutoka kwa kikohozi, kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji machafu, na kumfikia mtoto wa jirani ambaye hajawahi kumeza antibayotiki hata moja. Mtoto huyo atapewa dawa kwa mara ya kwanza maishani mwake na haitafanya kazi. Katika nadharia ya mwili uliozoea, kisa cha mtoto huyo hakiwezekani. Kampeni nzima ya afya ya umma inalenga kumlinda, na istilahi yake imemfuta.

Wizara na wataalamu wa Tanzania wameliona tatizo, na nyaraka zao rasmi husema usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Ni sahihisho la kweli, kwa kuwa linamtaja mwenye usugu. Ila kirai cha maneno sita hakidumu katika kichwa cha habari. Mhariri hukikata, na anachokikata ni kile kilichokuwa na thamani: vimelea. Hubaki usugu wa dawa, tukarudi tulikoanzia. Ajabu ni kwamba lugha ya kawaida ilikuwa na njia fupi na sahihi tangu mapema. Watu husema malaria sugu, kifua kikuu sugu. Kivumishi kimekaa kando ya ugonjwa, mahali pake hasa. Bakteria sugu ni maneno mawili tu, na kichwa cha habari kinayabeba bila shida. Ningependa kuona mabaraza ya lugha yakiipa heshima miundo ya namna hii badala ya kuamini kwamba nomino dhahania yenye kiambishi u- ndiyo alama ya usanifu.

Viuavijasumu, tafsiri sanifu ya antibayotiki, inastahili neno moja. Imeundwa kwa uangalifu, lakini asiyejua kijasumu husikia sumu tu, na kudhani ni dawa ya kuondoa sumu mwilini. Katika hali hiyo hakuna kinachomzuia kuimeza kwa ajili ya mafua, ambayo husababishwa na virusi na hayaguswi na antibayotiki. Neno la mkopo lisilosema lolote lina afadhali hapa kuliko neno la asili linalosema kitu kingine.

Mseto, chanjo na kinga

Ulinganisho utasaidia. Tanzania iliiacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na mwaka 2006 ikaamua kuiacha pia dawa ya SP na kuchukua tiba yenye viambato viwili, artemetha na lumefantrini. Tiba hiyo ilienezwa kwa jina la dawa mseto. Mseto ni chakula cha wali uliopikwa pamoja na choroko au jamii nyingine ya kunde, na kila mpishi anajua kwamba vitu hivyo viwili huingia sufuria moja kwa makusudi. Jina hilo halielezi kila kitu. Halisemi kwamba kimelea aliyeponyoka kiambato cha kwanza hunaswa na cha pili. Lakini linafungua mlango wa swali sahihi: kwa nini viwili? Mhudumu anaweza kuendelea kutoka hapo kwa sentensi mbili. Nalihesabu miongoni mwa mafanikio makubwa ya istilahi za tiba katika ukanda huu.

Chanjo, kwa upande wake, inabomoa imani ya wale wanaodai kwamba istilahi bora ni ile inayojieleza. Asili yake ni kuchanja, yaani kukata ngozi ili dawa ipakwe, kama ilivyofanyika kwa ndui na kama waganga walivyofanya kwa chale. Leo tunasema chanjo ya matone ya polio, ambayo hudondoshwa mdomoni, na hakuna mzazi anayeuliza wembe uko wapi. Neno limeachana na asili yake bila kumdhuru mtu. Tatizo liko katika neno linaloandamana nalo, yaani kinga. Kukinga mvua kwa mwavuli ni kuzuia tone lisifike. Aliyeambiwa kwamba chanjo ni kinga, kisha akaugua kidogo baada ya kuchanjwa, ana haki ya kusema mwavuli umevuja. Maelezo yanayomfaa ni ya kumbukumbu: mwili umeonyeshwa sura ya adui kabla hajafika, hivyo akija utamtambua mapema na vita itakuwa fupi. Yapo magonjwa ambayo vita hiyo huisha kabla mtu hajahisi lolote. Yapo mengine ambayo ataumwa siku chache badala ya kulazwa. Hilo likisemwa mwanzoni, ugonjwa mdogo baada ya chanjo hauwi ushahidi wa uongo wa serikali.

Kuhusu VVU nitasema kwa ufupi kwa kuwa wengine wameandika mengi. UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, ni kifupisho kilichogeuka neno la kawaida kwa wepesi wa kupendeza. Lakini kirusi chenyewe kikaitwa virusi vya UKIMWI, yaani kisababishi kikapewa jina la hatua ya mwisho ya ugonjwa. Mtu anayetumia dawa vizuri, mwenye afya, ambaye huenda hatafika kamwe katika hatua hiyo, hubeba jina lake kila anapotajwa. Watetezi wamehangaika kwa miaka mingi kueleza kwamba kuwa na VVU si kuwa na UKIMWI. Wanapigana na kifupisho.

Shoti na fyuzi

Katika uhandisi hali ni ya kinyume kidogo. Huko tatizo kubwa si istilahi sanifu iliyopinda. Ni neno la mtaani ambalo wataalamu wameliacha lijitegemee. Neno hilo ni shoti.

Katika matumizi ya kawaida, mtu aliyeshika waya wenye umeme amepigwa shoti. Nyumba iliyoungua imeunguzwa na shoti. Ekstensheni iliyoyeyuka kwa kubebeshwa pasi, jiko na jokofu nayo ina shoti. Haya ni matukio matatu tofauti kimaumbile. La kwanza ni mkondo wa umeme kupita mwilini kuelekea ardhini. La pili, kwa maana halisi ya kiufundi, ni mkondo kupata njia ya mkato kati ya waya wenye umeme na waya wa kurudi bila kupitia kifaa chochote cha kuupunguza, hata ukaongezeka ghafla na kuzichemsha nyaya. La tatu ni vifaa vingi kudai kwa pamoja mkondo kuliko waya unavyoweza kubeba; hapo hakuna njia ya mkato, kuna mzigo tu. Magazeti huyafunika yote kwa kirai kimoja, hitilafu ya umeme, ambacho hakimfundishi msomaji chochote isipokuwa kwamba umeme ni mkorofi.

Madhara ya mkanganyiko huu yanaonekana kwenye fyuzi. Kwa kuwa jina ni moja, mwenye nyumba hudhani kinga nayo ni moja. Plagi ya miguu mitatu itumikayo Uganda, Kenya na Tanzania huwa na fyuzi ndani, mara nyingi ya ampea 13. Fyuzi hiyo hulinda waya usiungue. Mtu mwenye mikono iliyolowa akigusa waya wa volti 240, mkondo unaopita mwilini mwake unaweza kuwa robo ya ampea hivi. Robo ya ampea inatosha kusimamisha moyo. Kwa fyuzi inayosubiri zaidi ya ampea 13, ni kama hakuna kilichotokea. Mtu atakufa na taa zitaendelea kuwaka. Kinachomlinda mtu ni waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, pamoja na ile swichi ya usalama inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na ambayo aina ya kawaida majumbani hukata umeme tofauti ikifika miliampea 30.

Ni wangapi wameelezwa hivi kwa Kiswahili? Wengi wetu tumeona kalamu ikichomekwa katika tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iweze kuingia. Tundu hilo ndilo la ethi. Anayefanya hivyo hulichukulia kama kufuli la kusumbua watu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kazi yake. Ethi ikiwepo na waya wenye umeme ukigusa bati la pasi, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini mara moja na fyuzi hukatika kabla mkono haujafika. Ethi isipokuwepo, bati husubiri mkono. Sentensi hizi hazina istilahi hata moja ngumu, na msamiati wake wote uko madukani mwa vifaa vya umeme. Kilichokosekana ni mtu wa kuziandika.

Sipendekezi shoti lifutwe. Neno lililokwisha kukaa mdomoni halifutwi kwa waraka. Linaweza kubanwa: shoti ibaki kwa nyaya kugusana, kupigwa na umeme kuwe kwa mtu, na kuzidiwa kwa waya kuwe kwa ekstensheni. Mafundi wazuri tayari hutofautisha hivyo wanapozungumza wao kwa wao.

Megawati za nchi tatu

Maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera yana mtambo wa megawati 80 unaohudumia Burundi, Rwanda na Tanzania. Huu ungekuwa mfano mzuri wa somo la umeme kwa lugha moja ya kikanda. Badala yake, katika habari za mitambo ya namna hii mtu hukutana na megawati kwa siku, megawati kwa mwaka, au megawati zinazozalishwa na kuhifadhiwa. Megawati ni kasi ya kutoa nishati, kama lita kwa sekunde zilivyo kasi ya bomba. Hakuna asemaye lita kwa sekunde kwa siku. Kiasi kinachouzwa ni kilowati-saa, ambayo kila mteja wa LUKU au wa tokeni anaifahamu kwa jina la uniti: pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja. Mtambo wa Rusumo ukifanya kazi kwa uwezo wake wote saa 24 hutoa uniti 1,920,000. Takwimu hii msomaji anaweza kuilinganisha na matumizi ya nyumba yake. Megawati 80 hawezi.

Kutofautisha hivi kuna maana ya kisera. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mwananchi aliyesoma jumla hiyo bila kuelezwa kwamba ni uwezo wa juu kabisa, kwamba uzalishaji wa siku hutegemea maji na mahitaji, na kwamba umeme huo lazima usafirishwe kwa njia zenye nafasi, atashangaa taa zinapozimika na atahitimisha kwamba amedanganywa. Mshauri wa sera anayelalamikia kutoaminiwa kwa takwimu za serikali angeanza kwa kuuliza ziliandikwaje.

Tofauti ya kawi na nishati huchukua muda mwingi katika mikutano yetu kuliko inavyostahili. Kenya ina Wizara ya Kawi, Tanzania Wizara ya Nishati. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na njia ya umeme ya kilovoti 400 kutoka Isinya hadi Singida inapita mpakani bila kujali. Msomaji wa Uganda anaweza kujifunza kwa sentensi moja kwamba ni kitu kilekile. Kinachomchanganya ni nguvu, neno linalobebeshwa kani, nishati, uwezo wa mtambo na ubavu wa mtu, wakati mwingine ndani ya aya moja.

Kuhusu utaratibu wa kazi

Waandishi wanaojua kwamba istilahi haitoshi hukimbilia njia mbili. Ya kwanza ni kuweka neno la Kiingereza katika mabano. Njia hiyo humsaidia aliyekwisha kujua, nayo humwambia asiyejua kwamba maarifa yanakaa kwingine. Ya pili ni tashibihi, hasa ile ya chembe nyeupe za damu kuwa askari wa mwili. Siipingi, kwa kuwa ina kazi yake. Ila askari hushindwa kueleza magonjwa ambamo mwili hujishambulia wenyewe, na mwandishi aliyeitumia katika aya ya kwanza hana budi kuiacha kwa kauli ya wazi katika aya ya nne, asije akaongeza askari waasi, majasusi na makambi hadi msomaji asijue tena kama anasoma kuhusu damu.

Njia ninayoitetea ni ya gharama ndogo, ingawa inahitaji muda. Kabla kipeperushi hakijachapishwa, apewe mtu asiye mtaalamu akisome, kisha akifunike na aeleze kwa maneno yake atafanya nini. Asiulizwe kama ameelewa, maana kwa adabu zetu mtu atajibu ndiyo. Jaribio lifanyike angalau mahali pawili: kwa wazawa wa lugha, na kwa waliojifunza Kiswahili shuleni katika nchi jirani. Msomaji akisema ataacha vidonge akipata nafuu, matini irudi mezani, hata kama kila istilahi iliyomo imethibitishwa na baraza.

Kikwazo kiko katika mikataba. Kazi za tafsiri za afya na za miradi ya umeme kwa kawaida hulipwa kwa idadi ya maneno au kurasa za matini chanzi, na hukabidhiwa mfasiri baada ya kila kitu kuamuliwa. Mfasiri anayeona kwamba aya moja ya Kiingereza inahitaji aya tatu za Kiswahili, au kwamba mchoro wa plagi ungefaa kuliko maneno, hana mamlaka wala malipo ya kufanya hivyo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, ina nafasi ya kupendekeza kwa nchi wanachama vipengele viwili vya mkataba: malipo ya jaribio la usomaji, na haki ya mfasiri kurudisha matini kwa mtaalamu aliyeiandika akiwa na maswali yaliyoandikwa. Matini za kuanzia zinaweza kuwa zile za antibayotiki, kwa kuwa bakteria sugu wanavuka Mutukula, Namanga na Gatuna kila siku pamoja na abiria.